Sura ya Sita: Vifaranga Wanane

Kiota hakikuwa chake. Kilijengwa na fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, kwenye panda ya mgunga mkubwa ulio ukingoni mwa Ziwa Babati. Fundichuma hajengi kibakuli cha nyasi kama ndege wengine. Hukusanya vijiti, matope, magome, hata vipande vya kamba na matambara, akavipandanisha mpaka apate nyumba yenye paa, pana zaidi ya mita moja, mlango wake ukiwa ubavuni. Paa hilo linaweza kubeba uzito wa mtu mzima. Kama mwenye nyumba yumo au amehama, hilo halimshughulishi bata bukini. Yeye huja akakalia paa.

Mwezi Aprili, masika bado yananyesha, niliona kichwa kimoja kikichomoza juu ya lundo lile. Jicho lake lilizungukwa na doa la kahawia, mithili ya wanja uliopakwa kwa haraka. Chini, kwenye nyasi, dume alisimama peke yake. Kesho yake alikuwa palepale, na keshokutwa pia. Bata dume akisimama peke yake mahali pamoja asubuhi tatu mfululizo, ujue jike lake liko karibu na linaatamia.

Kuna bata wa aina nyingi katika ziwa hili na baadhi yao nitawataja, lakini familia ile ya kwenye mgunga ndiyo iliyonifundisha kwamba kutazama bata wakilea ni kazi ya kuhesabu. Unahesabu asubuhi, unahesabu jioni, na kila hesabu inapopungua unataka kujua kwa nini.

Anayefika Babati kwa barabara kuu ya Arusha na Dodoma huliona ziwa akiwa bado ndani ya gari. Mji uko mkono mmoja, maji mkono mwingine, na Mlima Kwaraa umeinuka nyuma ya nyumba. Ni ziwa la maji baridi, lenye kina kifupi, lililo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida halina mto wa kulitoa maji. Mvua ikiwa nyingi linajaa na kupanda mashambani, na mwaka 1990 lilifurika mpaka mjini. Mvua ikikatika linarudi nyuma na kuacha tope, kisha nyasi changa. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakowalisha bata. Ufuko unaofunikwa na maji na kufunuliwa tena hauishiwi wadudu, konokono, mbegu na majani laini.

Vitabu vingi vya ndege vimeandikwa Ulaya, na humo utasoma kwamba bata hutaga majira ya kuchipua na kulea wakati wa joto. Wenzetu wa huko wana sababu: maziwa yao huganda wakati wa baridi. Bata wetu kalenda yao ni maji. Bata wenye uso mweupe, wale wa miluzi, hutaga mvua zikiwa zimeotesha nyasi ndefu za kujificha. Bata bukini anaweza kutaga karibu mwezi wowote, mradi apate pa kuatamia na majani mafupi ya kuliwa na watoto. Wangu walianza mwishoni mwa masika, kwa hiyo walilea Juni na Julai, miezi ambayo Babati hutoki nje alfajiri bila sweta. Kwa Mzungu hiyo ni miezi ya jua kali. Kwa kifaranga wa siku tatu ukingoni mwa Ziwa Babati ni miezi ya ubavu wa mama.

Jina la bata bukini nalo lina safari. Bukini ndilo jina la zamani la Madagaska katika Kiswahili cha pwani, na bata bukini ndilo jina tulilowapa mabata wakubwa wa shingo ndefu. Wataalamu wa leo hawamweki ndege huyu pamoja na mabata bukini wa Ulaya. Humhesabu katika ukoo mwingine. Wamisri wa kale walimchora kwenye kuta, na ndiyo maana Wazungu humwita kwa jina la Misri, ingawa makao yake ni karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Uingereza walianza kumfuga katika bustani za wakubwa tangu karne ya 17, akatoroka, akazaana. Uholanzi vilevile. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimtia katika orodha ya viumbe wageni waharibifu. Nilipolisoma hilo niliumia kidogo, kama mtu anayesikia ndugu yake amesemwa vibaya ugenini. Hapa si mgeni wala mharibifu.

Jike hutaga yai moja, akapumzika, akataga jingine, mpaka yafike matano, manane, hata kumi na mawili. Muda wote huo haatamii. Anasubiri yai la mwisho, kisha ndipo anakaa. Siri ya malezi yote iko hapo. Angeanza kuatamia yai la kwanza siku ileile, kifaranga wa kwanza angetoka zaidi ya wiki moja kabla ya wa mwisho, na mama angelazimika kuchagua kati ya anayetaka kutembea na ambaye bado yumo ndani ya ganda. Akiyaanza yote pamoja, yote huanguliwa karibu kwa wakati mmoja.

Anapokaa, hujinyonyoa manyoya ya kifuani, yale laini tunayoyaita malaika, akatandika. Ngozi yake yenye joto hugusa mayai moja kwa moja, na akitoka kwenda kula huyafunika kwa malaika hayo yasipoe wala yasionekane na kunguru. Kazi hiyo huchukua siku 28 hadi 30. Dume haatamii. Lake ni kulinda, na hulinda kwa ukali ambao nitaueleza.

Waliokulia kwenye nyumba zenye kuku wanaijua subira hiyo. Mayai ya kuku huchukua siku 21. Ya bata wa nyumbani, yule mwenye uso mwekundu uliojaa vinundu, huchukua 35. Bibi yangu alikuwa akimwekea kuku mayai ya bata, na kuku wa watu akaatamia wiki mbili za ziada bila kujua kwa nini watoto wake wanachelewa. Walipotoka walikwenda moja kwa moja kwenye dimbwi. Kuku alibaki ukingoni akilia, akikimbia huku na huku, akiwaita warudi nchi kavu. Nilikuwa mtoto na nilimwonea huruma sana. Nadhani ndipo nilipoanza kuwatazama bata.

Siku waliyoruka kutoka kwenye mgunga ilikuwa katikati ya Mei, na nilikaribia kuikosa.

Sikuwa nikifika alfajiri. Viboko wa Babati hutoka majini usiku kula nyasi na mazao ya watu, na hurudi kunapopambazuka. Mtu akisimama kati ya kiboko na maji saa hizo anacheza na maisha yake. Nilikuwa nasubiri jua litoke, nawasalimu wavuvi wanaorudi na perege na kambale zao, kisha nakwenda kukaa chini ya mti mwingine, mbali kiasi cha kiwanja cha mpira. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenichagulia pale. Nilipomwamkia shikamoo siku ya kwanza na kumweleza ninachotafuta, alinitazama, akatazama koti langu jeupe, akasema, "Marahaba. Hilo koti livue, mwanangu. Na ukimwona bata ameacha kula akanyanyua shingo, basi umeshamsogelea mno. Rudi nyuma mpaka ainamishe kichwa." Tangu hapo sijapata kanuni bora zaidi ya hiyo, na nimesoma vitabu kadhaa.

Asubuhi ile jike hakuwa juu. Alikuwa chini ya mti, kwenye nyasi, akitoa sauti ya chini, fupi, ya kurudiarudia, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Dume alikuwa kando, shingo imenyooka. Kisha kwenye ukingo wa lundo la vijiti kikatokea kitu cha rangi ya udongo na nyeupe, kidogo kama ngumi ya mtoto. Kikasimama. Kikatazama chini, urefu wa nyumba ya ghorofa. Kikarudi ndani. Mama akaendelea kuita.

Wa kwanza aliporuka sikupumua. Hakuwa na mabawa ya kutajwa, ila vipande viwili vya nyama alivyovitanua, na miguu yenye ngozi katikati ya vidole nayo ikatanuka. Alianguka, akadunda kwenye nyasi kama mpira wa matambara, akalala kidogo, akainuka, akakimbilia kwa mama. Wepesi wake ndio uliomwokoa, pamoja na malaika yake na nyasi za masika. Wa pili akafuata, wa tatu na wa nne wakaruka pamoja. Wa saba aligonga tawi na kugeuka chali hewani, na bado akainuka. Wa nane alikaa juu peke yake karibu nusu saa, akilia. Mama alikwisha kuanza kuondoka na wengine, hatua kumi, akasimama, akaita. Hatua tano, akaita. Hatimaye naye akajitupa.

Wanane. Niliandika tarakimu hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari.

Kwa nini kifaranga anayeona dunia kwa mara ya kwanza aamini sauti kiasi cha kujirusha? Kwa sababu anaisikia akiwa bado ndani ya ganda. Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa, vifaranga hulia ndani ya mayai na mama hujibu. Tena si kumsikia mama tu: Gilbert Gottlieb, mwanasaikolojia wa Marekani, alitotolesha bata kwa mashine, wasimsikie mama yeyote, na bado wakaifuata sauti ya mama wa aina yao wakaiacha ya aina nyingine. Naye Konrad Lorenz wa Austria, katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba mtoto wa bata bukini wa Ulaya humshika moyoni yule anayetembea mbele yake saa za mwanzo, hata akiwa binadamu. Vifaranga wake walimfuata yeye shambani na majini. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ninalitaja hili kwa sababu watoto wa ufukweni huokota vifaranga na kwenda nao nyumbani wakidhani wametupwa. Kifaranga hajatupwa. Mama yuko kwenye matete anasubiri mtu aondoke, na kila dakika unayomshika unamfundisha mama asiye wake.

Siku ya pili wanane. Siku ya tatu saba.

Bata mzazi halishi. Hili huwashangaza wengi waliozoea kumwona shomoro akipeleka wadudu kiotani. Mtoto wa bata hula mwenyewe tangu siku ya kwanza: anadonoa majani, mbegu, wadudu. Kazi ya wazazi ni kuchagua mahali, kutazama juu na chini, na kufunika. Mahali walipochagua hawa palikuwa uwanja wa nyasi fupi kati ya matete na shamba la mahindi na mbaazi. Nyasi zile zilikatwa na viboko usiku na ng'ombe mchana. Bata bukini hawezi kulea vifaranga kwenye nyasi za kumzidi kimo, kwa hiyo mnyama yule ambaye wakulima wana haki ya kumlalamikia ndiye aliyekuwa amewafyekea bata uwanja wao. Kila palipokuwa na njia ya kiboko kuingia majini, palikuwa pia na mlango wa vifaranga kukimbilia.

Jua lilipozidi mama alitanua bawa na wote wakaingia. Baridi ya alfajiri, vivyo hivyo. Kifaranga hana uwezo wa kujitunzia joto katika wiki zake za kwanza, na malaika yake yakilowa kupita kiasi anakufa bila kuguswa na adui. Nadhani ndivyo alivyokwenda mmoja wao, siku ya sita, baada ya usiku wa manyunyu. Sikuona mzoga. Niliona tu kwamba ni sita, na kwamba mama alirudi mara mbili mahali walipolala.

Siku hizo, ya sita na ya saba, nakumbuka pia kenge. Alitokea kwenye matete akitembea taratibu, ulimi nje, na kabla sijaelewa kinachoendelea dume alikuwa amefika. Alitanua mabawa yote mawili, madoa meupe makubwa yakaonekana, akanyoosha shingo chini na kutoa mlio mkavu kama wa mtu anayepumua kupitia koo lenye kidonda. Jike akapiga kelele zake za tarumbeta na kuwakusanya watoto majini. Kenge alikuwa mrefu kumshinda bata, na ana kucha. Dume akamrukia mgongoni, akampiga kwa kiwiko cha bawa. Kenge akageuka. Dume hakuridhika, akamfuata mpaka kwenye matete, na kwa muda nikaona nyasi zikitikisika tu. Alipotoka alijikung'uta, akanyoosha kifua, na wote wawili wakalia pamoja kwa sauti kubwa. Nikahesabu. Sita. Nilishangilia peke yangu chini ya mti.

Na furukombe je? Huyo hapigwi kwa bawa. Ni mwindaji wa samaki, lakini kifaranga juu ya maji ni windo jepesi kuliko perege. Wiki ya tatu alishuka mara moja tu, na vifaranga wote wakazama. Wadogo hawa wanajua kupiga mbizi. Walipoibuka walikuwa watano. Yule mzee mvuvi, nilipomsimulia, alisema huenda si ndege aliyemchukua. "Kambale mkubwa hachagui," alisema. "Ukimpasua tumbo unakuta mambo." Na mwisho wa mwezi wakawa wanne, bila kisa chochote nilichokiona.

Kati ya hesabu moja na nyingine nilikuwa nawatazama jirani zao. Bata wa miluzi walilala mchana kwenye ukingo wa tope, mamia, wamesimama wima, nyuso nyeupe zikielekea upande mmoja. Hao ni watu wa usiku. Magharibi huinuka na kupita juu ya mji wakipiga miluzi ya sauti tatu, na ukiwa umelala Babati unaweza kuwasikia juu ya bati. Hula mbegu za majini, na penye mpunga hawasiti; wakulima wa Magugu, ambao mchele wao unasifiwa nchi nzima, wanawajua vizuri. Lakini kuna jambo lao ambalo ningependa kila mtu alijue. Dume na jike huatamia kwa zamu. Jike akila, dume yumo kiotani, chini kwenye nyasi nene, amefunika mayai manane au kumi. Wakipumzika, kila mmoja humchambua mwenzake manyoya ya shingoni. Katika jamii ya bata, ambamo madume wengi huondoka jike akishaanza kuatamia, hilo ni nadra.

Niliwaona pia, mara mbili, bata wadogo kuliko wote wa Afrika, wenye mgongo wa kijani na ubavu wa rangi ya chungwa, katikati ya majani ya yungiyungi, wakila mbegu zake. Hutaga kwenye matundu ya miti. Viota vyao sikuvipata, na miti mikubwa yenye matundu ukingoni imebaki michache.

Tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu, mji umekua, na watu wanahitaji mboga, kuni na viwanja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni kitu gani? Nilizipima kwa hatua siku moja, kuanzia maji mpaka kwenye shina la mgunga na kupita. Ndani yake mlikuwamo kila kitu: matete ya bata wa miluzi, mti wa fundichuma, uwanja wa nyasi fupi, njia tatu za viboko. Jembe likifika majini, familia niliyoitazama haina hata sehemu moja ya kusimama. Tena ukingo wa ziwa hili husogea, kwa hiyo mkulima anayelima leo kwa haki yake anaweza kujikuta mwakani yumo ndani ya maji, na ndege yumo ndani ya shamba. Ninaamini mita hizo zikipandwa mimea ya asili na kuachwa, wavuvi watafaidika kabla ya bata, maana perege nao huzalia pembezoni.

Juni ilipita na wanne walikuwa bado wanne. Malaika yaliondoka, yakaja manyoya ya madoa, shingo zikarefuka, wakawa na sura isiyopendeza ya vijana. Mwishoni mwa Julai, baada ya siku kama 70 tangu waruke kutoka mtini, walianza kukimbia juu ya nyasi wakipiga mabawa, wakiinuka nusu mita na kuanguka. Baba na mama walisimama wakitazama. Baridi ilikuwa kali, Kwaraa imefunikwa na ukungu mpaka kiunoni.

Asubuhi ya mwisho ng'ombe walishuka kunywa maji wakiongozwa na mvulana mwenye fimbo na blanketi begani. Bata bukini wote wa upande ule waliinuka kwa pamoja, thelathini au zaidi, na wangu wakiwamo. Walizunguka juu ya maji, mabawa meupe yakiwaka kwenye jua, wakaelekea upande wa pili wa ziwa. Mvulana aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nahesabu watoto wanne. Akatazama juu pamoja nami, mkono usoni, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka wakatua mbali kati ya wenzao na hatukuweza tena kujua ni wepi.